Nafasi ya kupanda ufuta Lindi na Mtwara: mwongozo kamili wa idadi ya miche, kutoka mbegu hadi mzani

Shamba la ufuta lililosongamana hupendeza macho mwezi Februari. Kijani kimefunga, ardhi haionekani, na mwenye shamba anaanza kupiga hesabu ya magunia. Mwezi Juni mzani unasema mengine. Sababu kubwa ni moja: miche ilikuwa mingi kuliko ardhi ilivyoweza kuilisha, na ile wiki ya kuipunguza ilipita bila mtu kuinama.

Mwongozo huu unahusu idadi ya miche tu: ingapi iwe kwenye mita moja ya mraba, utaifikiaje, na utajuaje kama umeifikia. Masoko, stakabadhi ghalani na minada ya vyama vya ushirika tumeviacha kando. Vipimo vyote tumeviweka kwa ekari, kwa sababu ndiyo hesabu ya shambani huku kwetu.

Mche mmoja unaishije ukiwa na majirani

Ufuta una tabia ya kujipima na nafasi uliyopewa. Ukiwa peke yake hutoa matawi kuanzia karibu na chini, kila tawi likabeba maganda yake. Ukibanwa, hauoti matawi. Unakimbilia juu kutafuta mwanga, shina linakuwa jembamba, majani ya chini yanageuka njano na kuanguka mapema, na ganda la kwanza linaanzia juu sana. Ufuta hubeba maganda pale jani linapoungana na shina, kwa hiyo jani la chini likikosa mwanga, ua lililo kwenye kikwapa chake nalo hupukutika. Ndiyo maana kwenye shamba lililobanana unakuta mashina marefu yenye maganda machache nchani tu.

Uzito wa punje zenyewe haubadiliki sana. Punje 1,000 za ufuta hukaribia gramu 3 kwenye shamba lenye nafasi nzuri, na hata kwenye shamba lililobanana tofauti si kubwa. Kinachoanguka ni idadi ya maganda kwa kila mche. Kwa hiyo hesabu ya mavuno ni hii: miche kwa mita ya mraba, mara maganda kwa mche, mara punje kwa ganda, mara uzito wa punje.

Tuiweke kwa mfano. Shamba la kwanza lina miche 80 kwa mita ya mraba, kila mmoja una maganda 6 yenye punje 50. Hizo ni punje 24,000, sawa na gramu 72. Shamba la pili lina miche 20, kila mmoja maganda 30 yenye punje 60: punje 36,000, gramu 108. Shamba la tatu lina miche 5 tu iliyojaa matawi, kila mmoja maganda 80 yenye punje 60: tunarudi kwenye punje 24,000, gramu 72. Kwa ekari, gramu 72 ni takriban kilo 290 na gramu 108 ni takriban kilo 437. Namba za maganda hubadilika kwa udongo na mvua, lakini umbo la hesabu halibadiliki: kuna kilima katikati, na ukishuka upande wowote unapoteza.

Tofauti ni kwamba upande wa msongamano una hasara nyingine zinazofuatana nayo. Miche 80 hunywa maji ya udongo haraka, na huku kusini mvua mara nyingi hukatika kwa wiki mbili au tatu kati ya mwisho wa Januari na Februari. Shamba lililobanana ndilo hunyauka kwanza. Unyevu unaobaki katikati ya majani hualika magonjwa ya ukungu, hasa madoa ya majani. Mashina membamba hulala chini upepo wa Machi ukija na mvua. Na dawa ya kunyunyizia haifiki kwa kiwavi anayefunga majani ya juu kwa utando na kutoboa maganda, kwa sababu mtu mwenye bomba mgongoni hana hata pa kukanyaga.

Shamba lenye miche michache kupita kiasi nalo lina taabu yake. Magugu hupata mwanga, na matawi mengi huchanua kwa muda mrefu, hivyo maganda ya chini yanapasuka wakati ya juu bado mabichi. Hasara hiyo huonekana siku ya kuvuna.

Nafasi ipi kwa shamba lipi

Kipimo cha kuanzia ni sentimita 50 kati ya mstari na mstari, na sentimita 10 kati ya mche na mche, mche mmoja mmoja. Hiyo ni miche 20 kwa mita ya mraba, takriban 80,000 kwa ekari. Anayependa mashimo aweke sm 50 kwa sm 20, abakize miche miwili kila shimo. Idadi ni ile ile. Mche mmoja mmoja hupata mwanga vizuri zaidi, lakini mashimo ni mepesi kupalilia, na kwa wengi hilo ndilo linaloamua.

Kipimo hicho kinasogezwa kwa sababu maalumu, si kwa kupenda:

– Udongo wenye rutuba, msitu uliofyekwa karibuni, umepanda mapema mwezi Januari, na mbegu yako ni ya kutoa matawi: panua mistari iwe sm 60, miche sm 10. Utakuwa na takriban miche 67,000 kwa ekari na matawi yatajaza nafasi.

– Umechelewa, Februari imeanza, au mbegu yako ni ya shina moja lisilotoa matawi: bana mistari iwe sm 40, miche sm 10. Ni miche 100,000 kwa ekari. Mche uliochelewa hauna muda wa kutoa matawi, kwa hiyo idadi ndiyo ifidie.

– Mchanga mwekundu wa uwanda wa Makonde uliolimwa miaka mingi bila kupumzika: baki kwenye 50 kwa 10. Wengi hubana wakidhani mche mdogo unahitaji nafasi ndogo. Hapo kinachokosekana ni maji na chakula, na kuongeza walaji hakuongezi chakula.

– Mbuga ya mfinyanzi mweusi inayotuamisha maji: hakuna nafasi itakayokuokoa. Ufuta hufa ukisimama kwenye maji hata siku chache. Panda juu ya matuta au tafuta kipande kingine.

Mbegu zilizotoka kituo cha utafiti cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, ni pamoja na Naliendele 92, Ziada 94, Lindi 02 na Mtwara 09. Kabla ya kuchagua nafasi, muulize anayekuuzia kama mbegu ni ya matawi au ya shina moja. Kama ni mbegu ya nyumbani, kumbuka shamba la mwaka jana: miche ya pembezoni, iliyokuwa na nafasi, ilitoa matawi mangapi? Pembezoni ndiko tabia halisi ya mbegu huonekana.

Ekari yako ni kubwa kiasi gani kweli

Hatua 70 kwa 70 ndizo ekari ya mtaani. Ekari halisi ni mita za mraba 4,047, yaani mraba wenye upande wa mita 63.6. Mtu wa hatua za kawaida anaikaribia. Mwenye miguu mirefu anayepiga hatua za mita nzima amepima mita za mraba 4,900, zaidi ya ekari kwa kama moja ya tano, halafu analaumu mbegu kwamba haikutosha. Pima kwa kamba. Kamba ya mita 32 ikikunjuliwa mara mbili inakupa upande mmoja.

Kwa mistari ya sm 50, ekari ya mraba ina mistari 127 yenye urefu wa karibu mita 64. Ukijumlisha unapata zaidi ya mita 8,000 za mstari. Weka namba hiyo kichwani, maana ndiyo itakayokuambia mbegu kiasi gani na vibarua wangapi.

Mbegu: chache kuliko unavyodhani

Kilo moja ya ufuta ina punje takriban 330,000. Unataka miche 80,000. Hata kama nusu ya punje haitaota, na nusu ya zilizoota italiwa na wadudu, kilo moja bado inakufikisha pale pale. Kwa kupanda kwenye mistari, kilo 1 hadi 1.5 kwa ekari inatosha. Kilo 2 ni kwa udongo unaofanya gamba baada ya mvua au sehemu zenye wadudu wengi wa miche. Anayemwaga kilo 3 ametawanya punje karibu 250 kila mita ya mraba. Theluthi moja tu zikiota, ana miche 80. Ndilo shamba la kwanza kwenye mfano wetu.

Kwanza pima uotaji. Hesabu punje 100 bila kuchagua nzuri, zitandaze juu ya kitambaa chenye unyevu, kunja, weka kwenye sahani kivulini na usiache kikauke. Baada ya siku 5 hesabu zilizotoa mzizi. 80 au zaidi ni mbegu nzuri. Kati ya 60 na 80, ongeza mbegu kwa theluthi. Chini ya 60, itafutie matumizi mengine; hata zile zinazoota zina nguvu ndogo na miche yake hutoka kwa siku tofauti.

Halafu pima kwa kijiko. Kijiko cha mezani kilichosawazishwa hubeba takriban gramu 9 za ufuta, na kijiko kimoja kwa kila mstari wa mita 64 kinakupa zaidi kidogo ya kilo 1.1 kwa ekari. Vijiko havifanani, kwa hiyo nenda na chako dukani, pima vijiko 10 kwenye mzani, ujue kinabeba nini. Changanya kila kijiko cha mbegu na vijiko vitatu vya mchanga mkavu uliochekechwa. Mchanga hauna kazi nyingine ila kuuzuia mkono usimalize mbegu kabla ya mstari kuisha.

Wengine hutumia chupa ya maji yenye tundu kwenye kifuniko. Inafanya kazi, ila mchanga uwe mkavu kabisa, na tundu lianze dogo, likapanuliwa kidogo kidogo kwa msumari uliopashwa moto. Tundu kubwa halirudi kuwa dogo.

Kupanda

Huku kwetu mvua huanza kati ya mwisho wa Novemba na Desemba, na ufuta hupandwa Januari hadi katikati ya Februari ili ukomae mvua zikiwa zimekwisha. Panda udongo ukiwa umelowa angalau kina cha kiganja. Ukipanda kwenye vumbi ukingoja mvua, baadhi ya punje zitaota kwa unyevu kidogo na kufa, nyingine zitasubiri, na shamba litakuwa na miche ya umri tofauti. Hapo kupunguza miche kwa haki hakuwezekani tena.

Lainisha udongo. Punje ya ufuta ni ndogo, haina nguvu ya kusukuma bonge. Funga kamba kwenye vigingi viwili, chora mfereji wa kina cha sm 2 hadi 3 kwa ncha ya jembe au kijiti, na usogeze kamba kwa kijiti kilichokatwa sm 50 kamili, kimoja kila upande. Kukadiria kwa macho ndiko kunakozaa mistari inayoanza na sm 50 na kuishia na 70. Mwaga mchanganyiko ukitembea mwendo mmoja, fukia kwa mguu au kwa mgongo wa reki, gandamiza kidogo. Ukifukia zaidi ya sm 4 miche mingi itakufa njiani.

Mvua kubwa ikinyesha kabla ya miche kutoka na jua likafuata, juu ya udongo wenye mfinyanzi hutokea gamba gumu. Miche hujikunja chini yake. Pita na tawi lenye miiba au reki nyepesi, ukivunja gamba kwa kina kisichozidi sm 1. Fanya hivyo siku ya tatu au ya nne tangu kupanda. Ukingoja wiki, umechelewa.

Siku 20 za mwanzo

Miche hutoka siku ya 4 hadi ya 7. Kwa wiki nne za kwanza ufuta hukua polepole mno, na magugu yanajua hilo. Wakati huo huo huja wadudu wadogo wa jamii ya mbawakavu, wanaorukaruka ukigusa mche na kutoboa majani matundu madogo madogo. Huku kusini ndio adui mkuu wa miche ya ufuta. Wanaweza kumaliza mstari mzima kwa siku mbili tatu. Kagua kila asubuhi kuanzia siku miche inapotoka. Ukiona matundu kwenye miche mingi ya kila mstari, nyunyizia dawa iliyosajiliwa, kwa mfano yenye kiambata cha lambda-sihalothrini, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, asubuhi au jioni.

Wadudu hawa ndio sababu ya kweli ya kuotesha miche zaidi ya unayoihitaji. Mbegu ya ziada ni akiba ya siku hizo 20. Kosa ni kuiacha akiba hiyo shambani hadi mavuno.

Kupunguza miche: kazi yote iko hapa

Wakati wake ni wiki ya pili hadi ya tatu baada ya miche kutoka, ikiwa na urefu wa sm 10 hadi 15 na majani ya kweli manne au zaidi. Ikiwa wadudu bado wanasumbua, fanya kwa awamu mbili: wiki ya pili acha mche kila sm 5, wiki ya nne acha kila sm 10. Ikiwa wametulia, fanya mara moja.

Chagua siku ambayo udongo una unyevu. Kata kijiti cha sm 10. Anza mwanzo wa mstari, kilaze chini, chagua mche mmoja bora karibu na kila ncha. Bora maana yake shina nene na majani ya kijani yasiyotobolewa. Mche mrefu kuliko wenzake mara nyingi ni ule uliokuwa ukikimbilia mwanga, usikudanganye. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vibane udongo kwenye shina la mche unaobaki, mkono wa kulia ung'oe wa jirani kwa kuvuta pembeni, si juu. Kama mizizi imesukana, usivute kabisa: kata usiotakiwa kwa kucha juu ya ardhi. Ufuta uliokatwa chini ya majani ya kwanza hauchipui. Baada ya mita chache hutahitaji kijiti tena, jicho limeshazoea.

Mita 8,000 za mstari si mchezo. Ukiwa na mikono michache, unganisha kazi hii na palizi ya kwanza, mmoja akitangulia na jembe katikati ya mistari, mwingine akifuata amechuchumaa. Kama nguvu kazi haitoshi ekari tatu, punguza miche ekari mbili vizuri. Kugusa gusa zote tatu kunaacha miche miwili mitatu kila sm 10, na hapo umechoka bure.

Tabu ya kazi hii iko moyoni zaidi kuliko mgongoni. Mkulima anaona anang'oa mali. Vibarua wanaolipwa kwa kipande nao huacha miche mingi, kwa sababu kuacha ni haraka kuliko kung'oa. Kwa hiyo wape kipimo cha kukaguliwa: mita 1 ya mstari ibaki na miche 9 hadi 11. Pita na kijiti cha mita, angusha popote, hesabu.

Ukichelewa hadi wiki ya tano, ufuta unakaribia kuchanua na shina limeshaamua kutotoa matawi. Kupunguza wakati huo kunasaidia kidogo kwa mwanga na dawa, lakini maganda yaliyopotea hayarudi. Na mbolea haifuti msongamano. Ukiweka ya kukuzia kwenye shamba la miche 80, unapata mashina marefu zaidi yatakayolala mapema zaidi.

Palizi ya pili ifanyike kabla ya maua, wiki ya tano au ya sita. Baada ya hapo usiingie na jembe, mizizi imetanda juu juu na maua hudondoka kwa kuguswa.

Kama ulishamwaga

Wengi watakuwa wameshamwaga mbegu bila mistari. Shamba halijapotea. Wiki ya pili au ya tatu, funga kamba na lima vichochoro kwa jembe: vunja ukanda wa upana wa sm 40, acha ukanda wa sm 10 wenye miche, vunja tena sm 40. Umepata mistari ya sm 50 na umepalilia kwa mpigo mmoja. Kisha rudi kwenye ile kanda ya sm 10 na punguza kwa mkono kama ilivyoelezwa. Inauma kuona jembe likimeza miche mizima, lakini miche hiyo ndiyo iliyokuwa inamla mwenzake.

Kuhesabu miche shambani

Wiki moja baada ya kupunguza, hesabu. Kwa mistari ya sm 50, mita 2 za mstari ni mita 1 ya mraba. Kata ufito wa mita 2, uuangushe sehemu 10 ukitembea shambani kwa zigizaga, sehemu za udongo mzuri na mbaya, na usikwepe penye mapengo. Jumlisha, gawa kwa 10, zidisha kwa 4,000. Jibu ni miche kwa ekari. Ukipata wastani wa 19, una miche 76,000 na hakuna la kufanya. Wastani wa 12 bado unavunika vizuri, matawi yatafidia. Wastani wa 35 maana yake rudi shambani kesho asubuhi.

Kwa mistari ya sm 60 ufito uwe sm 167, na kwa mistari ya sm 40 uwe sm 250.

Mapengo ya hadi sm 30 yaache, majirani watayafunika. Pengo linalozidi sm 60 lijazie kwa mbegu, lakini ndani ya siku 10 tangu miche kutoka. Ukijazia baadaye, mche mpya utakuwa kivulini mwa wakubwa zake na utakomaa wakati wengine wameshavunwa. Kuhamisha miche hakupendekezwi. Mzizi mkuu wa ufuta ukikatika, mche hudumaa hata ukipona.

Ndani ya mikorosho na mbaazi

Newala, Tandahimba na kwingineko ufuta mwingi uko kati ya mikorosho michanga. Mikorosho iliyopandwa mita 12 kwa 12 inakuachia nafasi ya kutosha kwa miaka ya mwanzo. Acha mita 1.5 kutoka shina la mkorosho kila upande na usiguse chini ya matawi yake. Ndani ya nafasi iliyobaki, panda kwa 50 kwa 10 ile ile. Makosa yanayofanyika ni kununua mbegu ya ekari nzima na kuimwaga yote kwenye eneo lililobaki. Pima eneo la ufuta peke yake ndipo upime mbegu.

Kwa mbaazi, mistari mitatu ya ufuta kwa mmoja wa mbaazi hufanya kazi, kwa sababu mbaazi huanza taratibu na hunenepa ufuta ukishavunwa. Mahindi ni mkorofi zaidi: hukua haraka na kuufunika ufuta katika zile wiki nne za udhaifu wake. Ukilazimika, mahindi yatangulie kwa nafasi pana, ya sm 150 kati ya mistari.

Kuvuna kunavyofuata nafasi

Shamba lenye miche sawa hukomaa sawa. Miezi mitatu hadi minne baada ya kupanda, majani hugeuka njano na kudondoka, shina hubadilika rangi, maganda ya chini huwa kahawia. Kata pale robo tatu ya maganda yakiwa ya njano, kabla ya yale ya chini kufunguka. Kwenye shamba lenye nafasi kubwa na matawi mengi utalazimika kukata mapema kidogo na kukubali maganda ya juu yasiyojaa, la sivyo yaliyojaa yatamwaga punje ardhini.

Kata kwa mundu kwa makini, sm 10 hadi 15 juu ya ardhi. Ukiung'oa na mizizi unabeba udongo, na mchanga kwenye ufuta hushusha daraja ghalani. Funga matita madogo, yasimamishe wima juu ya turubai yakiegemeana, nafasi ikiwepo katikati kwa upepo. Mashina membamba ya shamba lililobanana hushindilia sana kwenye tita na kuoza katikati, kwa hiyo yafunge madogo zaidi. Baada ya wiki mbili hadi tatu, maganda yakiwa yamefunguka yote, geuza tita kichwa chini juu ya turubai, likung'ute. Rudia baada ya siku chache. Pepeta, anika, hifadhi kwenye magunia makavu.

Jaribio la mistari mitano

Ubishi wa nafasi ipi inafaa udongo wako huisha kwa mzani. Msimu huu tenga kipande kimoja chenye udongo unaofanana na upande vitalu vitatu vyenye mistari 5 ya mita 10: kimoja sm 40, kimoja 50, kimoja 60, vyote miche sm 10. Mbegu moja, siku moja, palizi sawa. Siku ya kuvuna, mstari wa kwanza na wa tano wa kila kitalu iache pembeni, kwa kuwa imekula nafasi ya njiani. Vuna mitatu ya katikati, kila kitalu na turubai lake, pura na pima ufuta safi mkavu.

Kwa kitalu cha sm 40 zidisha kilo ulizopata kwa 337, cha sm 50 kwa 270, cha sm 60 kwa 225. Hizo ni kilo kwa ekari. Tumia mzani unaosoma gramu, maana kosa la gramu 100 kwenye kitalu cha sm 50 ni kilo 27 kwa ekari. Tofauti ikiwa chini ya kilo 40 kati ya vitalu viwili, chukua ile yenye mistari mipana: ina mita chache za kupanda, kupunguza na kupalilia.